Mwananchi wa Nyumba Namba Tano

Kulikuwa na nchi moja ndogo, ndogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwenye mpaka wa mashariki, aliyekaa mpaka wa magharibi alimwambia afya. Jina lake tusilitaje, kwa kuwa Wizara ya Jina ilitoza ada kila lilipotajwa. Tuseme tu kwamba ilikuwa na nyumba kumi na mbili, ukuta mmoja, geti moja, na Masharti.

Hapo mwanzo ulikuwa mtaa kama mitaa mingine, wenye chama cha wenye nyumba, mwenyekiti na daftari. Kisha lori la taka la manispaa likakosa kuja wiki tatu mfululizo. Wenye nyumba wakakutana, wakakasirika, wakaletewa soda, na kabla soda hazijaisha wakawa wamejitangazia uhuru. Mwenyekiti, Bwana Pazi wa Nyumba Namba Moja, akawa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jamhuri. Masharti ya makazi, yale ya kukataza kuku na kuelekeza rangi ya mageti, yakawa Katiba. Mlinzi wa getini, Nandonde, alilala mlinzi akaamka Jenerali. Mshahara wake haukubadilika, ila rungu lake lilipigwa vanishi. Taka hazikuondoka, lakini tangu siku ile zilikuwa taka za taifa, na watu walizipita kwa heshima zaidi.

Nchi changa inahitaji viongozi. Kila mwenye nyumba akapewa wizara, na kila mke au mume wa mwenye nyumba akapewa unaibu. Jioni ya siku ya uhuru serikali ilikuwa imekamilika, ikakaa kwenye viti vyake, ikatazama mbele, ikaona kwamba haina wa kumtawala. Ndipo ikakumbukwa kwamba kuna wanawake wawili waliokataa vyeo. Mmoja alikuwa Bi. Siwatu, mjane wa Nyumba Namba Saba, fundi cherehani, aliyekataa Wizara ya Maji akisema ana suruali kumi na nne za watu za kukunja pindo. Wa pili alikuwa Bi. Tunu wa Nyumba Namba Tano, aliyekataa kuwa Naibu Waziri wa Maua. Yeye hakutoa sababu. Alicheka tu.

Hivyo ndivyo nchi ile ilivyopata wananchi. Wawili.

Serikali iliwapenda sana. Mheshimiwa Pazi alipohutubia alianza kwa kusema, "Ndugu wananchi wote wawili." Na kwa kuwa viongozi wasingeweza kujitoza ada wenyewe bila kuonekana wanajipendelea, ada ya nchi nzima, ya ulinzi, ya taa, ya ukuta na ya kuutazama ukuta, ililipwa na wananchi.

Mwaka wa tatu wa uhuru Bi. Tunu aliumwa majuma mawili, akafa. Taarifa ya serikali iliyobandikwa getini ilisema kwamba idadi ya wananchi imepungua kwa asilimia hamsini, lakini wananchi waliobaki wasiwe na hofu, kwani matumizi ya maji nayo yameshuka na hali kwa jumla ni ya kutia moyo.

Taarifa ile iliandikwa na Katibu wa Masharti, Bwana Mfaume wa Nyumba Namba Tano. Tunu alikuwa mkewe. Aliiandika kwa mwandiko wake mzuri bila kufuta hata neno moja, akagonga muhuri, kisha akakaa akautazama muhuri mpaka wino ukakauka.

*

Sasa tuliseme lililokuwa likimtafuna Bwana Mfaume, maana halikuwa msiba peke yake. Msiba angeweza kuubeba. Lililomtafuna lilikuwa benchi.

Mbele ya Nyumba Namba Saba, chini ya mpera, palikuwa na ubao mrefu wa mninga uliosahauliwa na mafundi walipojenga ukuta. Siwatu aliulaza juu ya matofali, ukawa benchi. Haukupigwa randa vizuri, na upande mmoja ulikuwa na ufa. Lakini kila alasiri, jua likishapungua ukali, watu walitoka majumbani wakaenda kukaa pale, na wakishakaa walicheka.

Tunu ndiye aliyeanza. Alikuwa akichukua ungo wake wa mchele, anakwenda kukaa mwisho kabisa wa benchi, upande wa ufa, anachambua vijiwe huku Siwatu akishona. Mfaume alibaki dirishani akiandika Masharti. Alisikia cherehani, kisha kimya, kisha kicheko cha mkewe. Kilikuwa kicheko ambacho nyumbani hakukisikia. Nyumbani Tunu alitabasamu, alikuwa mke mwema, alimwekea chai. Lakini kicheko kile cha kujishika mbavu alikipeleka kwenye ubao wa jirani.

"Mlikuwa mnacheka nini?" Mfaume alimwuliza kila aliporudi.

"Aa, mambo ya benchi tu," Tunu alimjibu akiweka birika jikoni. "Ungekuwepo ungecheka na wewe."

Asingekwenda. Katibu wa Masharti hakai kwenye ubao ambao haumo katika Orodha ya Samani Zilizoidhinishwa. Badala yake alinunua benchi lake. Lilikuwa la chuma, lina maua ya chuma, lina mikono iliyojikunja kama mkia wa kinyonga, na mito miwili ya rangi ya damu ya mzee. Akaliweka kibarazani, likitazama njia. Tunu alilikalia siku moja, kwa heshima, akasema ni zuri, akauliza kama linashika kutu. Kesho yake akachukua ungo, akaenda zake.

Alipokufa, Mfaume alidhani kicheko kile kitakufa naye. Kilinyamaza siku arobaini. Siku ya arobaini na moja, alasiri, akiwa dirishani, akakisikia tena. Hakikuwa cha Tunu, lakini kilitoka palepale, kikaishia palepale. Waziri wa Taka alikuwepo, Waziri wa Ukuta alikuwepo, hata Jenerali aliacha mpaka wa nchi wazi akaja kuegemea mpera. Wote walikwenda kwa Siwatu. Hakuna aliyekuja kukaa kwenye chuma.

Mfaume akafunga dirisha. Roho ilimuuma mpaka akahisi ladha ya shaba mdomoni. Kisha akachukua kalamu, akakohoa kidogo kama alivyozoea kukohoa kabla ya neno "kwa hiyo," akaandika.

*

Marekebisho ya Kumi na Tisa yalisema hivi: "Kwa hiyo, kicheko chochote kitakachovuka mpaka wa nyumba kilikoanzia kitahesabiwa kuwa kimesafirishwa, na mwananchi anayekisafirisha atalipia kibali."

Utaratibu wa kurekebisha Masharti ulikuwa wa haki sana. Ulihitaji sahihi za theluthi mbili za nyumba, na ridhaa ya wananchi. Sahihi zilipatikana kwenye kikao, kwa kuwa Mheshimiwa Pazi alikuwa na njia nzuri ya kupigisha kura: anayeafiki abaki amekaa, anayepinga asimame na aondoke na funguo za ofisi. Ridhaa ya wananchi ilipatikana kwa kumtuma Jenerali kusoma marekebisho kwa sauti mbele ya Nyumba Namba Saba saa ambayo Siwatu amekwenda sokoni. Kama hakuna mwananchi aliyepinga, wananchi wameridhia.

Siwatu aliporudi na kikapu chake alimkuta Jenerali bado amesimama wima, karatasi mkononi.

"Nimeridhia nini leo, baba?"

"Kulipia kicheko, mama."

"Kwa kipimo gani? Kwa kilo au kwa mita?"

Jenerali akaipindua karatasi. "Haikusema."

"Basi niandikie cha mwezi mzima, maana Waziri wa Taka akianza hadithi ya mama mkwe wake hatutamaliza kwa kipimo."

Akalipa, akapewa risiti, akaitoboa kwa sindano, akaining'iniza kwenye mpera. Alasiri ile walicheka kwa kibali, na Mfaume dirishani alisikia kwamba kicheko chenye kibali ni kikubwa kuliko kile cha magendo.

Akaandika Marekebisho ya Ishirini: "Kwa hiyo, benchi la mwananchi litakaliwa na wananchi tu."

Hapo alidhani amewapata. Lakini serikali haikosi akili panapokuwa na kivuli. Wiki ileile mawaziri walitangaza kwamba hawakai pale, bali wanafanya ziara ya kikazi kwa wananchi, ziara ambayo kwa bahati mbaya haiwezi kufanywa kwa kusimama. Wakajiandikia posho ya kukaa. Waziri wa Ukuta, ambaye aliwahi kukaa pale bure miaka mitatu, alidai na malimbikizo. Posho ililipwa na wananchi, yaani na Siwatu, ambaye sasa alikuwa akishona usiku na mchana ili awalipe watu wakae kwake.

"Shemeji," alimwambia Mfaume walipokutana kwenye bomba, "mbona unatunga masharti mengi namna hii? Njoo ukae. Wewe hata posho utapewa."

"Nina benchi langu, Bi. Siwatu."

"Nimeliona. Linapendeza. Paka wangu anasema ni baridi."

Akaenda zake na ndoo yake. Mfaume alibaki ameshika bomba, maji yakimwagika kwenye viatu, akiwaza kwamba hata paka.

*

Mwaka ukapita hivyo, na ni katika siku zile za kuchungulia ndipo alipoona jambo lililomnyima usingizi. Benchi lile lilitosha watu wanane. Mawaziri walipofika saba, wa nane alisimama. Waziri wa Ukuta, mtu mnene mwenye magoti mabovu, alikuja kwa kuchelewa, akaitazama nafasi iliyobaki mwishoni, upande wa ufa, akaegemea mpera akilalamikia magoti yake. Hakukaa. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mtoto wa mtu alitaka kukaa pale, mama yake akamvuta mkono.

Kahawa ilipomiminwa, Siwatu aliweka kikombe kimoja pale mwishoni, mbele ya nafasi tupu. Baadaye kahawa ile ilimwagwa kwenye mpera, kikombe kikaoshwa na vingine.

Mfaume aliacha pazia likaanguka. Alijua. Nafasi ile ilikuwa ya nani alijua tangu kikombe cha kwanza, maana ndiko alikokuwa akikaa Tunu na ungo wake. Na hapo wivu wake, uliokuwa wa kawaida, wa benchi na benchi, ukageuka kitu kingine ambacho hata yeye aliogopa kukitazama. Alitazama chumbani mwake: kitanda, kabati, kanga mbili zilizokunjwa, benchi la chuma kibarazani. Yeye ndiye aliyefiwa. Yeye ndiye aliyeandika taarifa na kupokea mikono. Lakini hakuwa ameweka kikombe popote. Halikumjia wazo hilo. Limemjia mwanamke wa jirani, fundi cherehani, asiye na cheo wala muhuri. Walikuwa wamemchukulia kicheko cha mkewe alipokuwa hai, na sasa wamechukua hata kumkumbuka.

Akakohoa. Akaandika Marekebisho ya Ishirini na Moja.

"Kwa hiyo, nafasi yoyote ya kukaa isiyokaliwa kwa siku tisini itahesabiwa kuwa imetelekezwa. Itakatwa na Jamhuri na kuhifadhiwa na Katibu."

*

Kwa kuwa marekebisho haya yalihusu mali, Masharti yalimtaka mwananchi aitwe kikaoni ajitetee. Mkutano ulifanyika sebuleni kwa Mheshimiwa Pazi, ambako viti vilikuwa na makaratasi ya nailoni ambayo hayajabanduliwa tangu dukani, ili vibaki vipya. Kila waziri alipojongea, kiti kilipiga kelele.

"Ndugu mwananchi," Mheshimiwa Pazi alianza, akimtazama Siwatu, "Jamhuri yetu haina nafasi ya kupoteza. Nchi nyingine zina jangwa, zina misitu. Sisi tuna mita za mraba. Taifa linaloacha sentimita hamsini za ubao zikae bure, bila kuzalisha, linawaambia nini watoto wake?"

Mawaziri wakapiga makofi. Viti vikalia.

"Je, mwananchi ana la kusema? Akumbuke tu Sharti la Tisa: kikaoni hatutaji majina ya watu, tunataja namba za nyumba."

Siwatu alisimama. Alikuwa amevaa tepu ya kupimia shingoni, kama aliyetoka kazini na anarudi kazini.

"Mheshimiwa, nafasi ile haijatelekezwa. Ina mtu wake."

"Nani?"

"Mwananchi wa Nyumba Namba Tano."

Mawaziri waliinamia soda zao. Mheshimiwa Pazi akafungua daftari la nyumba.

"Nyumba Namba Tano ina Katibu. Katibu si mwananchi. Kwa hiyo Nyumba Namba Tano haina mwananchi."

"Inaye. Sharti la Sita linasema mwananchi ataacha kuwa mwananchi kwa barua aliyoiandika na kuisaini kwa mkono wake. Huyu hajaandika barua. Na Hazina inajua, maana kila mwezi bili yake inakuja." Akafungua mkoba, akatoa bunda la risiti lililofungwa uzi mwekundu. "Jenerali ameamriwa barua za wananchi azipeleke kwa mwananchi. Ananiletea mimi. Nimelipa yake na yangu, mwaka mzima na miezi mitatu. Nafasi ile, Mheshimiwa, imelipiwa."

Waziri wa Hazina alizikagua risiti moja moja, akazidi kuwa mdogo kitini. "Ni zetu," alisema. "Muhuri ni wetu."

"Katibu," Mheshimiwa Pazi alimgeukia Mfaume, "wewe ndiye uliyeandika Sharti la Sita. Mwananchi huyu anamzungumzia nani?"

Watu wote walimtazama. Hapo ndipo angeweza kusema jina moja tu, na faini ya kutaja jina angeilipa kwa furaha. Siwatu alimtazama bila hasira, kama anavyomtazama mteja anayejaribu nguo isiyomtosha. Na mtazamo ule, wa upole ule, ndio uliomchoma. Mwaka na miezi mitatu amemlipia! Hata deni la mkewe amemwahi.

Mfaume akakohoa.

"Kwa hiyo," alisema, "iandikwe kwamba hoja ya mwananchi haikueleweka."

Wanaoafiki walibaki wamekaa. Hakuna kiti kilicholia.

*

Ukataji ulizinduliwa Jumamosi saa nne asubuhi. Palikuwa na utepe, ambao Siwatu aliushona na kutozwa ada ya utepe. Mheshimiwa Pazi alikata utepe kwa mkasi wa Siwatu, akaliita tukio hilo hatua kubwa mbele, akakabidhi msumeno kwa Jenerali.

Jenerali Nandonde alipiga saluti, akapima, akapima tena, akajifuta jasho, akalalamika kwamba msumeno hauna meno.

"Unayo," Siwatu alimwambia. "Kata, baba. Ukikwepa watakutoza. Ila kata sawa, usiupasue."

Vumbi la mninga likaanguka kwenye majani. Mawaziri walitazama viatu vyao. Waziri wa Ukuta alisemekana kuingiwa na kitu jichoni. Kipande kilipoachana na mwenzake Jenerali alikidaka kwa mikono miwili, asikiache kigonge chini, akakibeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akavuka nchi nzima nacho, hatua arobaini na tano, mpaka kibarazani kwa Katibu.

"Niweke wapi, mzee?"

"Hapo. Juu ya benchi."

Jenerali alikiweka juu ya mito miwili ya rangi ya damu ya mzee. Alikiegemeza upande, na kitu kikadondoka kutoka kwenye ufa, tik, kwenye sakafu. Kisha kingine. Kisha vikamwagika vingi, vyeupe na vya kijivu, vikatawanyika mpaka kwenye miguu ya Mfaume.

Vilikuwa vijiwe vya mchele. Mamia. Kila kimoja kilikuwa kimesukumizwa ndani ya ufa kwa ncha ya kidole, safu kwa safu.

Jenerali alipiga saluti tena, haraka, akaondoka.

Mfaume alipiga magoti, akaanza kuviokota. Vilikuwa vidogo, havishikiki. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa kulowanisha kidole. Ubao ule ulikuwa laini mahali palipokaliwa, umelika kidogo kama kijiko cha zamani. Aliweka kiganja pale. Akakaa hivyo mpaka jua likahama kibarazani. Alasiri ile, kwa mara ya kwanza tangu siku ya arobaini na moja, hakusikia kicheko kutoka Nyumba Namba Saba. Lile alilolitaka miaka yote ile alilipata, na nyumba yake ikawa kimya zaidi.

*

Asubuhi yake alivuka njia na bakuli la vijiwe mkononi. Siwatu alikuwa kwenye cherehani.

"Karibu, shemeji. Au leo unaleta marekebisho?"

"Shemeji." Hakuwahi kumwita hivyo. "Nina swali moja. Mlikuwa mnacheka nini?"

Siwatu aliacha kukanyaga. Alitazama bakuli.

"Hakukwambia?"

"Alisema mambo ya benchi."

"Ee, Tunu!" Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha suruali ya mtu. "Kaa. Sitakwambia umesimama."

Hapakuwa na kiti kingine. Mfaume alikaa kwenye benchi lililokatwa, mwishoni, mahali ambapo ubao bado ulikuwa mbichi.

"Alikuwa anakuiga wewe," Siwatu alisema. "Kila akiokota kijiwe katika mchele anakishika hivi, juu, anakohoa kile kikohozi chako. 'Kwa hiyo,' anasema. 'Wewe kijiwe, umeonekana ndani ya mchele wa Jamhuri bila kibali, bila ada, na bila rangi iliyoidhinishwa. Una la kujitetea?' Mimi ndiye wakili wa vijiwe. Namwambia, Mheshimiwa Katibu, mteja wangu alidhani na yeye ni punje. 'Hakuna kudhani katika Jamhuri hii! Kifungo cha maisha, ndani ya ufa!' Basi anakisukuma humo. Wallahi, shemeji, alikupatia mpaka namna unavyoshusha miwani. Waziri wa Taka siku moja alicheka akaanguka na kikombe."

Mfaume alikuwa ameinamisha kichwa. "Walikuwa wananicheka mimi."

"Wewe, ndiyo. Ulitaka amcheke nani, mume wa mtu? Akishamaliza mchele anakung'uta ungo, anasema, 'Niwahi, huyo Katibu wangu atakuwa na kiu ya chai, na hatasema.' Ukimwita usimwite, anakwenda." Siwatu alivaa miwani yake. "Hukukosa hata siku moja kwenye benchi hili. Ni wewe tu uliyekuwa hujui."

Upepo ulitikisa risiti za kicheko juu ya mpera. Mfaume alitaka kusema kitu, lakini kikohozi peke yake ndicho kilichotoka, na hakikufuatwa na neno.

*

Siku ileile aliandika barua, kwa mkono wake, akaisaini, kama Masharti yanavyotaka. Ilikuwa fupi kuliko chochote alichowahi kuandika: naacha ukatibu, nabaki mwananchi. Akaiacha pamoja na muhuri mezani kwa Mheshimiwa Pazi, kisha akaenda Hazina.

"Nimekuja kulipa ada ya mwananchi."

Waziri wa Hazina alipekua kitabu. "Nyumba Namba Tano, mwananchi. Hudaiwi. Imelipwa hadi mwezi wa kumi na mbili."

"Hiyo ni ya mwenzangu. Iache. Niandike mimi chini yake."

Serikali ilitoa taarifa kesho yake asubuhi. Kwa kukosa katibu, iliandikwa na Mheshimiwa Pazi mwenyewe, kwa herufi kubwa. Ilisema kwamba chini ya uongozi wake idadi ya wananchi imeongezeka kwa asilimia mia moja katika siku moja tu, jambo ambalo nchi kubwa zimejaribu zikashindwa, na kwamba kutokana na mafanikio hayo ada itapanda.

Alasiri Mfaume alibeba kipande cha mninga, akavuka nacho hatua arobaini na tano, akakilaza juu ya matofali yake. Kati ya kipande na ubao palibaki nafasi ndogo, upana wa msumeno, ambayo haikuziba. Hakukaa juu ya kipande. Alikaa kwenye ubao, kando yake. Siwatu alimimina kahawa, akaweka kikombe kimoja pale mwishoni, kisha bila kuuliza akampa Mfaume ungo wa mchele mapajani.

Hakuwa na mikono ya kazi ile. Alichambua polepole, mawaziri wakimtazama kwa hofu, kwani hawakujua kama mwananchi mpya anaweza kuwafukuza. Mwishowe akaona kijiwe. Akakishika juu, kwenye mwanga. Akashusha miwani. Akakohoa.

"Kwa hiyo," alisema, kisha akaanza upya. "Kwa hiyo, wewe kijiwe."

"Mheshimiwa Katibu," Siwatu alidakia, "mteja wangu ni mgonjwa."

Waziri wa Taka ndiye aliyeanza, akafuata wa Ukuta, akiwa amejikunja juu ya magoti yake mabovu. Kicheko kikavuka mpaka wa nyumba, kikavuka mpaka wa nchi. Jenerali akaja mbio kutoka getini na daftari, maana kibali cha mwezi kilikuwa kimekwisha.

"Samahani, wazee. Inabidi niandike. Wamecheka wananchi wangapi? Taarifa inasema wananchi ni wawili. Kitabu cha Hazina kinasema watatu."

Mfaume alikisukuma kijiwe ndani ya ufa, kwa ncha ya kidole, mpaka kikashika.

"Andika cha Hazina," alisema.